Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: kwenye bango mnanitaka, getini mnanikataa

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Najua barua kama hizi huwa zinaishia mezani kwa katibu wako, ila naandika hadharani kwa sababu ile ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri, na mpaka leo kimya.

Mimi ndo yule jamaa wa kwenye bango la maonyesho ya kazi za wafungwa, aliyeshika brashi anacheka, chini yake wameandika "Amebadilika". Hilo neno sikuulizwa ila sina ugomvi nalo. Ulikuwa mgeni rasmi, ukanipa mkono, ukasema mbele ya kamera vijana waige mfano wangu. Wiki mbili baadaye nikaenda gereza lile lile nililofungwa nikiwa na boksi la penseli na fomu ya kujitolea kufundisha kuchora kila Jumamosi, bure kabisa, nikaambiwa getini kwamba mtu mwenye rekodi haruhusiwi kufundisha wafungwa. Sasa mheshimiwa, si hiyo hiyo rekodi ndo imeniweka kwenye bango?

Ngoja niseme mwenyewe nilichofanya usije ukasikia kwa wengine. Nilikuwa navunja nyumba za watu usiku. Naweza kukaa siku tatu naangalia nyumba moja, taa ipi inazimwa mwisho, mlango gani unakwaruza sakafu ukifunguliwa, na jicho lile ndo hili hili nachorea leo, sijapewa jingine. Kuna mama mmoja alitukuta sebuleni kwake. Hakupiga kelele, alisimama tu mkono ukiwa kwenye swichi, taa imeshawaka lakini vidole havitoki pale. Ule mkono nimeuchora mara nyingi kuliko kitu chochote na sijawahi kuuza hata mmoja, watu wanauliza bei nawaambia hauuzwi.

Kuchora nimefundishwa ndani na mzee mmoja wa kifungo kirefu. Brashi unatengeneza kwa nywele zako mwenyewe, unazifunga na uzi kwenye kalamu iliyokwisha, nyeupe ni dawa ya meno, kijivu ni majivu na tone la maji, nyeusi unapasua kalamu yenye wino. Dawa ya meno ukipaka nene ikikauka inapasuka pasuka, kwa hiyo unapaka nyembamba, unasubiri, unarudia, na kusubiri kule mtu kama mimi nilikuwa sijawahi kukufanya maishani. Mzee bado yuko ndani, na cheti cha ualimu hana.

Najua mtasema usalama. Sawa, wapo waliorudi gerezani kama wema kumbe wamebeba mizigo ya magendo, siwatetei. Na wala sisemi brashi inamtakasa mtu, yule mchoraji wa Italia, Caravaggio, aliua mtu Roma mwaka 1606 na akaendelea kuchora picha za makanisa huku anakimbia, uzuri wa picha si ushahidi wa kitu. Lakini angalia Scotland, Jimmy Boyle alifungwa maisha mwaka 1967 kwa mauaji, alikuwa anapigana na askari mpaka wakashindwa pa kumweka, halafu kwenye kile kitengo maalumu kilichofunguliwa 1973 ndani ya gereza la Barlinnie akaletewa udongo wa kufinyanga, na leo anajulikana kama mchonga sanamu. Mtu kama yule waliweza kumwachia vifaa vya kuchongea, mimi naomba penseli.

Na Jesse Krimes wa Marekani, alifungwa kwa dawa za kulevya, alichukua picha za magazeti akawa anazihamishia kwenye mashuka ya gereza kwa jeli ya nywele na kijiko, mashuka 39, anayatoa kwa posta moja moja, kazi nzima kaja kuiona ameshatoka. Mwaka 2017 yeye na mwenzake aliyepitia yale yale wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia wasanii waliowahi kufungwa. Yaani aliyetoka ndo anamvuta mwenzake, hivyo tu.

Mwalimu ambaye hajawahi kulala kule namheshimu, ila akileta boksi la rangi kumi na mbili kwa mwezi mmoja halafu mradi ukaisha, wale watu wanabaki na nini? Mimi naweza kuwaonyesha cha kufanya siku boksi likiwa tupu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, kile kifungu cha rekodi kiwe na mlango, mkuu wa gereza aruhusiwe kumpima mtu mmoja mmoja. Nipekueni mpaka soksi, askari akae darasani, penseli zihesabiwe naingia na zihesabiwe natoka, ikipungua moja Jumamosi inayofuata msinifungulie. Fomu yangu mnayo, ina muhuri wenu. Na yule mzee sa hivi macho yanamsumbua, kwa hiyo nikijibiwa mapema itakuwa vizuri.

Wako,
Yule wa kwenye bango