Maandalizi ya kuhamisha data: Elasticsearch kwenda Cassandra

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tunahamisha data kutoka Elasticsearch (injini ya kutafuta data) kwenda Cassandra (hifadhidata inayogawa data kwenye seva nyingi), naomba mje mmejiandaa.

Kazi kubwa si kunakili, ni kupanga jedwali. Elasticsearch hukuruhusu kutafuta kwa uga wowote uliowekwa kwenye faharasa. Cassandra hutaka ujue swali lako kwanza, ndipo uchague ufunguo wa kugawia data kwenye seva. Ukikosea hapo unaunda jedwali jipya na kuhamisha upya, hakuna njia ya mkato. Kwa hiyo kila mtu aje na orodha ya maswali ambayo programu yake huuliza.

Katika kusoma, msitegemee kurasa za kawaida za matokeo, kwani zikifika matokeo 10,000 Elasticsearch hukataa kuendelea isipokuwa mpangilio ubadilishwe. Tumieni search_after, inayoendelea kusoma kuanzia tokeo la mwisho mlilopata.

Katika kuandika, _id (kitambulisho) ya hati, yaani rekodi moja ya Elasticsearch, iwe ndani ya ufunguo mkuu unaotambulisha kila safu. Kazi ikikatika mnairudia bila hofu, maana Cassandra huandika juu ya safu ileile. Na tafadhali sana, uga mtupu urukeni kabisa. Mkiandika null (thamani tupu), Cassandra huihesabu kuwa ufutaji na kuacha alama zinazochelewesha usomaji baadaye. Hili hupuuzwa mno, na madhara yake huonekana data ikishakuwa nyingi.

Mkimaliza, msiridhike na idadi kulingana. Chagueni hati chache mzisome pande zote mbili, hasa tarehe na saa.

Mwenye data inayobadilika kila dakika aniambie humu kabla ya Ijumaa, tumpangie utaratibu wake.