Hamkuja kununua, mmekuja kuzika

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile habari mliyoitoa wiki iliyopita kuhusu duka langu la vitabu, ile yenye picha yangu nimeshika ufagio. Bila shaka unaikumbuka. Mwandishi wako alisema duka limefungwa kwa sababu "watu hawasomi tena". Aya mbili chini yake akasema siku ya mwisho umati ulifurika hadi nje kuonyesha mapenzi yake kwa vitabu. Alishinda mlangoni kwangu kutwa nzima na bado hakuona kwamba sentensi zake mbili zinapigana ngumi.

Watu wanasoma, Mhariri. Najua, maana walikuwa wakisomea kwangu, wamesimama, wengine wakiwa wamekunja kona ya ukurasa ili kesho waendelee walipoishia.

Nikueleze kisa kimoja tu, ingawa ninavyo vya kujaza toleo zima. Miezi michache kabla ya kufunga aliingia bwana mmoja akitafuta zawadi ya binti yake aliyekuwa akitimiza miaka 12. Hakujua anataka nini. Nikamuuliza binti anapenda nini, anachoshwa na nini, amesoma nini mwaka huu. Nilipanda ngazi mara tatu. Nikamshushia vitabu sita, nikamweleza kila kimoja kinahusu nini, kipi kitamchekesha na kipi aachane nacho kwanza mpaka afikishe miaka 14. Tulitumia karibu saa nzima. Yule bwana akavipanga vitabu kaunta kwangu kifudifudi, akatoa simu, akaanza kuvipiga picha mgongoni, pale penye ule msimbo wenye namba ya ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13. Hakujificha. Akaniambia kwa uchangamfu kabisa kwamba mtandaoni amevipata viwili kwa bei nafuu zaidi, akaviagiza hapo hapo, mkono wake ukiwa umeegemea kaunta yangu. Kisha, kwa kuwa mchana huwa hayupo nyumbani, akaniomba nimpokelee kifurushi. Ndiyo, Mhariri. Alitoa anwani ya duka langu. Na mimi kwa ujinga wangu, au kwa mazoea ya kutomkatalia mtu, nikakubali. Kifurushi kilipofika nikatia saini. Alipokuja kukichukua akaniuliza kama bado nina ile karatasi nzuri ya kufungia zawadi. Nikamfungia. Utepe nao nilimwekea. Sasa hebu chukua gazeti lako utazame ile picha ya umati wa siku ya mwisho. Yule wa mbele kabisa, mwenye leso machoni, ambaye maelezo ya picha yanamwita "mpenzi wa vitabu aliyeshindwa kuzuia machozi", ndiye yeye.

Mwandishi wako hakuniuliza hesabu, kwa hiyo nitaitoa mwenyewe. Katika kila vitabu kumi nilivyouza kwa bei ya jalada, fedha za vitabu saba zilirudi kwa wachapishaji na wasambazaji. Vitatu vilivyobaki ndivyo vilivyolipa pango, umeme, msaidizi, mifuko, na mimi wa mwisho kama kilikuwepo kilichosalia. Mteja anayeomba "kapunguzo ka asilimia kumi tu" hafikiri kwamba anamega theluthi ya kilicho changu. Kitabu kimoja kikiibwa lazima niuze vingine vitatu ndipo nirudi nilipokuwa, na wezi wa vitabu, nakuhakikishia, wana ladha nzuri kuliko wanunuzi. Vile nilivyochukua kwa mali kauli ndivyo vilivyonipumzisha kidogo, kwa kuwa visipouzwa unavirudisha. Ila vina tarehe yake ya kurudi, na mchapishaji hapokei chenye alama ya kidole cha mtu aliyekuwa akila huku anasoma bure. Wiki yangu ya mwisho niliimaliza nikijaza maboksi ya kurudisha, nikijua kwamba baadhi ya vitabu hivyo vinakwenda kusagwa viwe karatasi tena.

Kuna waliokuja kunipa mawaidha: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimekaa na chema miaka 19. Hakikujiuza hata siku moja. Nilikiuza mimi, kwa mdomo wangu, kikiwa rafuni nimekifuta vumbi.

Na msiniambie ni maendeleo, hayazuiliki. Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ilipotoka mwaka 2007 gazeti hili hili lilinizika mara ya kwanza, na karatasi ipo mpaka leo. Kinachoniua si mashine, ni bei, na bei hupangwa na watu. Ufaransa walipitisha sheria mwaka 1981: mchapishaji ndiye anayepanga bei ya kitabu kipya, na muuzaji yeyote, awe mkubwa kama mlima, haruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5. Wajanja wa mtandaoni walipoanza kusafirisha vitabu karibu bure ili kuizunguka sheria, Wafaransa wakaongeza nyingine, na tangu mwaka 2023 agizo la vitabu lisilofikia euro 35 hutozwa usafiri usiopungua euro 3. Ujerumani nao wana sheria yao ya bei moja tangu mwaka 2002. Uingereza walikuwa na mapatano ya namna hiyo tangu mwaka 1900. Yakavunjika miaka ya 1990, mahakama ikayamaliza mwaka 1997, na riwaya zinazotamba zikaanza kuuzwa madukani pembeni ya sabuni kwa nusu bei. Sisemi sheria peke yake ingeniokoa. Huenda ningekufa tu, lakini ningekufa nikishindana na mtu anayeuza kitabu, si na mtu anayekigawa kwa hasara ili mwezi ujao ununue jokofu kwake. Haya yote mwandishi wako angeyapata kwa asubuhi moja ya kazi. Badala yake alinitaka nishike ufagio.

Nikiwa bado na hasira, niliseme na hili. Gazeti lako lilikuwa na ukurasa wa uhakiki wa vitabu. Jumamosi. Watu walikuwa wakija dukani wameukata kwa mkasi na kuukunja mfukoni, wananionyesha: nataka hiki. Mliupunguza ukawa nusu, mkaufanya safu, mkaufanya mistari minne, kisha siku moja pale pakawa na utabiri wa nyota. Leo nafahamu Mizani watapata fedha wasizozitarajia, lakini sifahamu kitabu gani kimetoka mwezi huu. Na ninyi ndio mnaosikitika kwamba hakuna anayesoma! Nisamehe, mimi ni Mizani, na fedha zenyewe sijaziona.

Tena kuna hawa wa maboksi. Mara tu habari yenu ilipotoka walianza kuniletea "zawadi" za ensaiklopidia pungufu, juzuu ya kwanza hadi ya tisa, ya saba haipo, zimeota ukungu, eti nitafute mahali pazuri pa kuziweka. Duka nimelifunga. Wamesoma kwamba nimelifunga. Wanaziacha mlangoni usiku na kuondoka taratibu, kama watu wanaotupa paka. Mmoja aliacha na barua akisema anajua nitazithamini. Nimezithamini, na gari la taka limezichukua kwa safari mbili.

Siku yenyewe ya mwisho, kwa kuwa mmeieleza kwa maneno mengi, nami niieleze kwa machache. Waliingia watu wengi kuliko miezi mitatu iliyotangulia kwa pamoja. Walikumbatiana. Walipiga picha na rafu. Mama mmoja alishika mikono yangu, akasema hapa ndipo alipojifunzia kusoma, akalia kweli, kisha akauliza kama ngazi inauzwa. Wengi waliniuliza nimewezaje kuwafanyia hivi. Wawili walidai punguzo juu ya punguzo. Jioni nilipofunga hesabu, kiasi kilikuwa pungufu ya Ijumaa ya kawaida ya miaka kumi iliyopita. Na kwenye rafu ya watoto, ile ya chini kabisa, nilikuta mtu amenunua vitabu vyote saba vilivyobaki, kwa bei kamili, bila kusema neno. Huyo, mwandishi wako hakumpiga picha.

Basi pendekezo langu ni hili, na ni jepesi kulitekeleza hata kwa ofisi isiyo na mhakiki. Kuanzia sasa, duka lolote la vitabu likifungwa, na yako mengine njiani, gazeti lisichapishe rambirambi ya mtu yeyote mpaka aambatishe risiti. Moja inatosha. Iwe ya duka hilo hilo, iwe ya ndani ya miezi 12, na iwe ya kitabu; kadi za salamu na kalamu za wino hazihesabiwi, wala mlinzi wa kifurushi halipwi kwa machozi. Mwandishi naye aanze kwa kuonyesha yake. Nilitafuta jina lake katika daftari langu la mauzo ya mali kauli, la fedha taslimu na la wanaodaiwa. Nimelikuta kwenye la wanaodaiwa, kamusi moja, na naomba umkumbushe.

Aliyekuwa muuza vitabu
(Jina na anwani unazo)