Dada, zile stroberi bado zimenikaa kooni

Dada,

Shangazi kaniambia unalalamika kwamba huwa nakukatia simu. Ni kweli. Nakuandikia hapa kwa sababu meseji zangu hufungui.

Ni ule usiku wa msiba wa mama, Oktoba 2011. Watu wamelala majamvini, turubai linapigwa na upepo, nami nimeingia ndani kumtafutia baba mdogo blanketi. Nikakukuta juu ya kitanda cha mama, laptopu mapajani, modemu umeining'iniza dirishani ishike mtandao, unavuna stroberi za FarmVille, ule mchezo wako wa shamba wa kwenye kompyuta. Wala hukushtuka. Ukasema, "Ngoja kwanza, zikipitiliza zinanyauka." Nje pale, kihambani, kahawa ya mama ilikuwa imeiva inadondoka, hakuna wa kuichuma. Kaburi lenyewe udongo mbichi.

Nilikuja kuelewa baadaye. Huko Minnesota, Marekani, ulikuwa unakesha na wazee wa watu, unawageuza, unawabadilisha, asubuhi unakuta kitanda kimoja kitupu. Kwenye shamba lako la kompyuta unapanda stroberi, baada ya masaa manne zimeiva. Majirani wanapita, wanakuwekea mbolea, wanaondoka. Hawaulizi hela unatuma lini. Sisi tulikuwa tunauliza. Haya, mimi ndiye niliyekuwa nauliza.

Ila walipoufunga huo mchezo, tarehe 31 Desemba 2020, ulinipigia unalia. Dada, kwa mama sikukuona ukilia! Siku hiyo ndiyo nilianza kukata simu.

Tafuta watu, dada yangu. Rudi kwenye kwaya, sauti unayo. Na usinirudishie habari za ludo, najua wifi yako amekwisha kukuambia. Tangu watupunguze kazini nacheza, sikatai. Lakini mimi nacheza na watu. Kuna mzee mmoja wa Mombasa, sura yake siijui, akinila kete ananitumia kikatuni kinachocheka, nami nacheka peke yangu sebuleni saa nane za usiku. Natuliza kichwa tu, nisije kuwafokea wanao asubuhi. Huwezi kulinganisha na kitanda cha marehemu.

Au unalinganisha?

Ile kahawa tuliing'oa mwaka juzi, tumepanda parachichi. Njoo uone. Modemu yako uliisahau palepale dirishani, na kamba yake. Ninayo kabatini.

Mdogo wako.