Zabibu za Dodoma zipigwe picha Dodoma, hata mvua ikinyesha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, nalo ni picha zinazochapishwa kila inapoandikwa habari ya zabibu za Dodoma. Mwezi Machi, mavuno ya msimu wa kwanza yanapokuwa yamepamba moto, nimeona zaidi ya mara moja habari nzuri ya wakulima wetu ikiambatana na picha ya kichala cha zabibu kubwa za kijani zisizo na mbegu, kimelazwa juu ya meza ya mbao, na pembeni yake limewekwa jani jekundu la mti usioota huku. Hiyo ni picha ya majira ambayo vitabu vyetu vya jiografia huyaita mapukutiko, wakati katika nchi za kaskazini, kati ya Septemba na Novemba, majani hubadilika rangi na kuanguka. Sisi tulio nyuzi sita tu kusini mwa ikweta hatuna majira hayo. Mibuyu yetu hupukutisha majani kiangazi kwa kukimbia ukame, na zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba.

Nisingeandika kama jambo lenyewe lingekuwa la urembo wa ukurasa tu. Msimu uliopita mteja mmoja wa Dar es Salaam aliniagiza kreti kadhaa baada ya kuona tangazo lenye picha ya namna hiyo. Nilimpelekea zabibu nyekundu za aina ya Makutupora, ambazo punje zake ni ndogo, zimebanana kichalani na zina mbegu, naye akazikataa akidai kwamba nimempa masalia baada ya kuwauzia wengine zile nzuri. Nilimweleza kwamba hizo ndizo zabibu zenyewe na kwamba ndizo zinazokamuliwa mvinyo, lakini picha ilikuwa imeshamwambia vingine, na neno la mkulima kwenye simu halina nguvu mbele ya picha. Mzigo niliuuza kwa hasara.

Nilipowauliza vijana wawili wanaotengeneza matangazo kwa nini hawapigi zabibu za hapa, jibu lao lilikuwa moja: mavuno ya Machi huangukia katika mvua, mbingu inakuwa nzito siku nzima, hivyo hakuna mwanga wa kupigia picha. Jibu hilo nimelipima nyumbani kwangu, na kwa heshima zote nasema si kweli. Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na siku chache hizo za wingu ndizo mpiga picha wa matunda anazopaswa kuzingojea kama mkulima anavyozingojea.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Jua letu la mchana hutoka sehemu moja, tena kali, likaacha kila punje na doa jeupe upande mmoja na giza upande wa pili. Wingu linapotanda, mwanga hutoka mbinguni kote kwa pamoja na kulizunguka tunda taratibu, hata uduara wake ukaonekana. Kuna faida nyingine ambayo wenye nyumba za kwetu wataielewa upesi. Madirisha yetu yana nondo, na siku ya jua kivuli cha nondo hukilalia kichala utadhani kimefungwa jela. Siku ya mvua kivuli hicho hupotea chenyewe. Kinachobaki ni kufungua fremu ya wavu wa mbu, kwa kuwa wavu hula sehemu ya mwanga, na kuweka kichala karibu na dirisha, umbali wa mkono mmoja hivi, kwa sababu kadiri unavyorudi ndani ya chumba ndivyo mwanga unavyopungua kwa haraka.

Upande wa pili wa kichala, ule wa giza, mimi husimamisha karatasi nyeupe ya manila, na siku moja nilipoikosa nilitumia kiroba cheupe cha unga, kikafanya kazi ileile ya kurudisha mwanga. Taa ya sebuleni huizima, maana mwanga wa wingu una ubuluu kidogo na wa balbu una umanjano, na simu inapokutana na vyote viwili haijui ifuate upi. Kuta nazo zina lao: sebule yangu imepakwa rangi ya kijani, na picha zangu za kwanza zilitoka kana kwamba zabibu hazijaiva, mpaka nilipotandika shuka jeupe ukutani. Mwanga wa flashi sijautumia tena tangu siku ya kwanza. Simu huiegemeza kwenye chungu na kuitegea ijipige yenyewe baada ya sekunde tatu, kwa sababu katika mwanga hafifu hata pumzi ya mpigaji hutikisa picha. Na kwa kuwa zabibu zetu ni nyeusi-nyekundu, simu hudhani kuna giza ikazing'arisha hadi zikawa za kijivu. Hapo hugusa kioo juu ya punje na kushusha mwanga mpaka rangi irudi kuwa ile ninayoiona kwa macho.

Ninawasihi wapigaji wasizioshe wala kuzifuta zabibu kabla ya picha. Ule ukungu mweupe juu ya ganda, ambao wanunuzi wengi hudhani ni dawa ya shambani, ni nta ya tunda lenyewe inayozuia maji yake kupotea, nao ndio unaoonyesha kwamba kichala hakijashikwashikwa. Wapo wanaonyunyizia maji ili tunda lionekane limetoka shambani asubuhi hiyo. Mkulima akiona picha hiyo hushtuka, kwa sababu zabibu iliyovunwa ikiwa imelowa haikai, na mvua ikizidi punje hunywa maji zikapasuka. Kichala cha picha kivunwe kikavu, mvua ibaki nje ya dirisha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba habari yoyote ya zabibu za Hombolo, Mpunguzi, Bihawana au Makutupora itoke na picha iliyopigwa huko, na isipopatikana itoke bila picha kabisa. Ninaambatanisha mbili nilizopiga Jumamosi iliyopita saa tisa alasiri, mvua ikiwa inapiga mabati. Kichala kimekaa juu ya ungo, na katika ile ya pili kuna punje mbili zilizopasuka upande wa chini, ambazo sikuziondoa. Unaweza kuzichapisha bila malipo.

Wako,
Mkulima mdogo wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma