Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu, na historia ya parokia yetu ya Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa wanachama wa chama chetu cha historia ya parokia, nyie wa hapa Bagamoyo na nyie mlioko Dar, Morogoro na huko mbali zaidi. Najua wengi mnasoma hii kwenye simu tena mko kwenye daladala kwa hiyo naanza na lile kubwa kabisa hata kama mnalijua, tumekuwa jimbo jamani. Tarehe 7 Machi 2025 Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza Jimbo Katoliki la Bagamoyo, limemegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, na askofu wetu wa kwanza ni Baba Askofu Stephano Musomba wa Shirika la Mtakatifu Augustino, ambaye alikuwa askofu msaidizi Dar. Papa siku hiyo alikuwa kalazwa hospitali ya Gemelli kule Roma, na mwezi uliofuata akatutoka, kwa hiyo sisi ni kati ya majimbo ya mwisho mwisho kuyaunda. Raha ya milele umpe ee Bwana.

Vijana kadhaa kwenye grupu waliuliza mbona wazee wamelia sana siku ile, si jimbo tu. Wazee walilia kwa sababu wanajua Bagamoyo ilishawahi kuwa makao ya askofu. Mwaka 1906 tulikuwa vikarieti, yani eneo la misheni lenye askofu wake kabla halijawa jimbo, Askofu Fransisko Xaveri Vogt akiwa ndo mkuu wake, na kutoka kwenye vikarieti hiyo mwaka 1910 ikakatwa Kilimanjaro, yani Wachaga wote wanaojisifu kwa ukatoliki wao (na wana haki) mizizi yao inapita hapa. Alafu mwaka 1953 likatangazwa Jimbo la Morogoro na jina la Bagamoyo likatoka kwenye orodha ya makao ya maaskofu. Tumekaa miaka 72 hivyo. Mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake wakatoliki), ana zaidi ya miaka 80, alinishika mkono nje ya kanisa akasema "mwenyekiti, wameturudishia jina", akashindwa kuendelea.

Sasa tuingie kwenye kazi za chama. Kazi yetu ni moja, kutunza historia ya parokia hii na kuifundisha, na mwaka huu kamati iliamua tuelekeze nguvu kwa watu ambao hawaimbwi. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana kwenye mkutano uliopita kulikuwa na maneno na wengine walisema tunawadharau mapadre. Hapana.

Historia ya kawaida kila mtu anaijua, hata watoto wa komunyo ya kwanza wanaitaja bila kusita. Mapadre walifika Zanzibar mwaka 1860 na Padre Fava kutoka kisiwa cha Réunion, wakafuata Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1863 chini ya Padre Anton Horner, na mwaka 1868 Horner na Padre Étienne Baur wakavuka bahari wakaanzisha misheni hapa, enzi za Sultani Majid. Msalaba pale ufukweni unakumbuka hilo. Mwaka 1871 wakapanda miembe ile ya njia ya kwenda baharini, na kimbunga cha Aprili 1872 kikaja kikafagia karibu kila kitu walichojenga, ndani ya miaka minne tu, na kabla ya hapo kipindupindu kilikuwa kishapita pwani yote kikaua watu wengi mno. Wakajenga upya. Mnara wa kanisa la kwanza, ule wa 1872, ndo bado umesimama mpaka leo.

Na hapo ndo mgeni anapofikia akaacha. Anapiga picha mnara, anaambiwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilala hapa Februari 1874, anaondoka. Ni kweli ulilala. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, wasaidizi wake akina Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake kule na mwili wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka hapa kwetu, kilomita zaidi ya 1,500, wakaukabidhi misheni, ukavushwa Zanzibar, na Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey London. Nawaheshimu sana waliombeba. Lakini jiulizeni, mtu ambaye safari yake ya mwisho kabisa bara aliianzia Mikindani, aliyefika hapa akiwa marehemu na kukaa usiku tu, ndo mnara unaitwa jina lake, na wale waliobeba mawe ya kuujenga hawatajwi hata kwenye kibao. Ni akina nani hao? Ni watoto na vijana waliokuwa watumwa.

Hii ndo historia ya parokia yetu naitaka tuishike. Waumini wa kwanza hapa sio watu waliohubiriwa wakaongoka kama tunavyosoma parokia nyingine. Ni watoto waliokombolewa kwa hela soko la Zanzibar, mpaka lile soko lilipofungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash, na wengine waliletwa na meli za Waingereza zilizokuwa zinakamata majahazi ya watumwa baharini. Walitoka bara, makabila mbalimbali, lugha hazifanani, wengine wadogo kiasi kwamba hawakujua hata kwao wapi. Hela ya kuwakomboa na kuwalisha sehemu kubwa ilitoka kwa watoto wa Ulaya waliokuwa wanachanga senti zao kupitia Utoto Mtakatifu, shirika la kanisa la watoto kusaidia watoto wenzao. Nilipowaeleza hilo watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wa hapa parokiani, kwamba shirika lenu hili hili mnaloletea sarafu Jumapili ndo lilimkomboa bibi wa bibi yenu, walinyamaza kabisa alafu mmoja akauliza "kwa hiyo alinunuliwa shilingi ngapi?" Katekista alikosa jibu, na mimi pia. Swali la mtoto yule limenikaa.

Waliokombolewa wakasomeshwa, wakafundishwa useremala, uashi, kilimo, walipokua wakaoana wakapewa nyumba na shamba kwenye kijiji cha uhuru cha Wakristo. Wao ndo walijenga nyumba ya mapadre miaka ya 1870, wao ndo walijenga nyumba ya masista ambayo leo ni makumbusho, wao ndo walilima minazi na wao mikono yao ilihudumia zao la vanila ambalo misheni ililileta huku pwani. Na misheni zilizofuata bara, Mhonda 1877, Mandera 1881, Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, hazikwenda mapadre peke yao, walikwenda na familia za Wakristo kutoka hapa, waliokuwa wanajua kujenga, kulima na kufundisha sala. Kwa hiyo ukisema Bagamoyo ni mlango wa imani Afrika Mashariki, waliobeba mlango wenyewe ni hao. Hata White Fathers, wale Wamisionari wa Afrika, walipopita hapa mwaka 1878 kwenda Tabora na Uganda walikuta hapa tayari kuna jumuiya ya Wakristo inaishi, ina miaka kumi.

Sasa kuna kitu lazima tukiseme ingawa baadhi ya wajumbe walinishauri nikiache. Maisha ya kijiji kile hayakuwa rahisi. Kengele iliamua saa ya kuamka, ya sala, ya shamba na ya kulala, kazi ilikuwa nyingi, sheria kali, na wapo waliolalamika na wapo waliotoroka wakaenda kutafuta maisha yao mjini au kwingine. Mimi naona tuliseme hadharani kwa sababu mtu aliyetoka utumwani alafu akapima kama uhuru aliopewa unamtosha, huyo ni mtu kamili, ana akili na ana hamu zake. Na waliobaki walibaki kwa kuchagua, wakazaa, wakabatiza watoto, wakaitunza hii parokia mpaka sisi tukaikuta. Tukiwaficha waliotoroka tunawapunguzia hata hao waliobaki. Padre mmoja mstaafu tuliyemhoji alisema hilo hilo na nilifarijika sana, maana nilikuwa naogopa tutagombana.

Wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani 1888 na 1889, mji ukipigwa mizinga na watu wakikimbia huku na huku, misheni haikuguswa. Watu maelfu walikimbilia hapa, Waislamu kwa Wakristo, wakalala chini ya minazi, na Padre Baur alikuwa anaongea na pande zote mbili. Napenda sana kipande hiki na naomba kila kiongozi wa jumuiya akisimulie, hasa kwenye familia zetu zilizochanganyika dini, ambazo hapa mjini ni nyingi. Baur alikaa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 1913, kanisa jipya likiwa linapanda. Lilijengwa kati ya 1910 na 1914, na miaka miwili baada ya kumalizika Waingereza wakauteka mji, tarehe 15 Agosti 1916, siku ya Kupalizwa Bikira Maria.

Na kwa nini tukapoa baada ya hapo? Jibu ni reli. Wajerumani walishahamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891, alafu reli ikaanzia Dar ikafika Morogoro 1907, misafara ya wapagazi ikafa, biashara ikahama, na kazi ya kanisa nayo ikafuata watu waliko. Hakuna aliyetuonea.

Tumefanya nini basi mwaka huu. Kwanza tumeanza kurekodi wazee. Tunatumia simu tu, tunakaa naye barazani, tunamwacha aongee, kijana mmoja anashika simu mwingine anaandika majina. Kazi ni tamu lakini ni ya haraka maana wazee wanaondoka, wawili tuliokuwa tumepanga kuwafuata tumewazika kabla hatujafika. Tuliyojifunza ni kwamba usimuulize mzee "historia ya parokia", atakwambia Horner na Livingstone kama kitabuni. Muulize nani alimbatiza, nani alisimamia ubatizo, bibi yake alikuwa analima wapi, alikuwa anasali kwa lugha gani akiwa peke yake. Hapo ndo yanatoka mambo.

Pili ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Tumeandika barua kuomba ruhusa ya kuvipiga picha vile vya zamani, na kwa kuwa sasa jimbo ni jipya tunasubiri utaratibu, na nawaomba wanachama tusilazimishe. Vitabu hivi ni vitakatifu kwa namna yake na pia vina habari za watu ambao wajukuu wao wapo. Ukoo fulani unaweza usipende kijiji kizima kijue babu yao aliletwa na jahazi la watumwa. Wengine wanaona fahari. Kamati imeamua kwamba jina la mtu halitaenda mtandaoni bila ukoo kukubali, na mimi nalisimamia hilo kwa nguvu zote.

Tatu ni makaburi. Tulifyeka na kusafisha makaburi ya wamisionari kabla ya mwezi wa marehemu, asanteni UWAKA (wanaume wakatoliki) na VIWAWA (vijana wakatoliki) mliojitokeza. Ukisoma yale mawe unaona umri, vijana kabisa, wengi homa iliwamaliza wakiwa hawajazoea hata chakula cha huku. Lakini kaburi la Mkristo wa kijiji cha uhuru ukitafuta, mara nyingi ni tuta tu, au mti. Tunataka ukuta mmoja mdogo wenye majina yao, yale ambayo koo zitakubali yaandikwe. Ramani ya fundi tunayo, bajeti mweka hazina atawasomea.

Na hapa kwenye ujenzi naomba mafundi mnisikie. Majengo yetu ya zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa. Yanapumua. Ukipiga saruji juu yake unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, vinakula jiwe kwa ndani, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inavimba inabanduka pamoja na jiwe. Kuna kipande cha ukuta niliweka kidole pale palipozibwa saruji zamani, kukawa unga mweupe, unyevunyevu, wenye chumvi ukionja. Kwa hiyo mtu akitusaidia mifuko ya saruji kwa ajili ya majengo ya kale tushukuru kwa upendo na tuipeleke kwenye choo cha shule au ukumbi, kwenye kuta za kale iende chokaa. Fundi wa chokaa wapo, wachache, na tunataka vijana wetu wawili wakajifunze kwao.

Mahujaji wameendelea kuja vizuri. Wanaokumbuka Novemba 2018, Jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji, Kardinali John Njue akiwa mjumbe wa Papa, wanajua tulivyofurika. Waelekezaji wetu wa kujitolea sasa wanaanza na mbuyu badala ya mnara, ule unaosemwa ulipandwa na misheni 1868. Wanamwonyesha mgeni kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina, pete chache tu za chuma zimebaki nje, zina kutu, gome limezizunguka limefunga. Inasimuliwa Madame Chevalier, mama Mfaransa wa enzi za misheni, alikuwa anafungia punda wake. Wageni wengi wakiona mnyororo Bagamoyo wanadhani ni wa watumwa, na muelekezaji anawaambia hapana, huu ni wa punda, njooni sasa niwaonyeshe watumwa walikaa wapi walipokuwa huru. Huo mpangilio ulibuniwa na binti mmoja wa kidato cha nne na nampongeza hapa mbele ya wote.

Kuhusu ada, wengi mmelipa, wachache bado, mnajijua, tumeni kwa namba ile ile ya mweka hazina na mwandike jina kamili maana kuna michango miwili hatujui ya nani mpaka sasa. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, tunahitaji mtu mwenye laptopu na mwenye subira ya kuandika mahojiano. Mkutano mkuu utakuwa ukumbi wa parokia baada ya misa ya pili, tarehe itatangazwa kanisani na kwenye grupu. Mwenye picha ya zamani ya harusi, komunyo, kwaya, au ya jengo lolote la misheni aje nayo, tutaipiga picha pale pale na ataondoka nayo mkononi. Na nyuma ya picha kama mnamjua aliyesimama pembeni kabisa, yule ambaye huwa hatajwi, tuambieni jina lake.

Mwenyekiti wenu