Ripoti za kijani zihakikiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ripoti za "uendelevu", yaani za utunzaji wa mazingira, zinazotolewa na kampuni kila mwaka: kurasa chungu nzima, picha ya Kilimanjaro kwenye jalada, na ahadi za miti. Nani ana muda wa kuzisoma zote?

Modeli za lugha, yaani programu za kompyuta zinazochambua maandishi, zinao. Mojawapo, ClimateBERT, ilifunzwa kwa maandishi ya mabadiliko ya tabianchi. Watafiti walipoitumia kupekua ripoti za kampuni kubwa, waliona nyingi zinaeleza kwa kirefu kamati na taratibu, lakini zinakwepa mikakati, malengo na vipimo. Ujanja uko hapo. "Tunajali mazingira" haipimiki. Tani za hewa ya ukaa zinapimika.

Ila modeli husoma maneno tu, na wakati mwingine hukosea. Haiwezi kujua kama miche iliyopandwa Kibosho ilipona kiangazi. Basi kila ripoti itaje kijiji, idadi ya miche, na iliyobaki hai baada ya miaka mitatu. Waandishi wako walioko Moshi wanaweza kupanda daladala wakaihesabu.

Msomaji,
Majengo, Moshi