Mwanangu, radoni haichagui maji

Mwanangu mpendwa,

Nimelipitia jedwali lako la vipimo vya radoni, ile gesi ya mionzi, ulivyochukua ufukweni. Unauliza kama sasa unaweza kuandika kwamba maji matamu yanavuja baharini. Usiandike bado.

Kwamba maji ya ardhini yanatoka pale, hilo sina shaka nalo. Radoni huzaliwa na radiamu, elementi ya mionzi iliyomo kwenye mawe na mchanga, kwa hiyo maji yanayokaa chini huwa nayo mara elfu moja au hata zaidi kuliko ya bahari. Kila baada ya siku 3.8 nusu yake huwa imekwisha, basi ukiikuta nyingi ufukweni ujue imetoka ardhini juzijuzi. Ndiyo maana pia vipimo vyako vinapanda maji yanapokupwa: bahari ikishuka, maji ya chini hupata upenyo.

Tatizo ni kwamba radoni haijui chumvi. Maji yakijaa, bahari yenyewe huingia mchangani, ikakaa humo, kisha ikarudi na radoni yake. Mwaka 1996 mwanasayansi Willard Moore alitumia radiamu badala ya radoni kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, akakadiria kwamba maji yatokayo ardhini yanafikia kama asilimia 40 ya yale yanayoletwa na mito. Watu walishtuka, maana mvua isingetosha kuleta maji matamu kiasi hicho. Sehemu kubwa ilikuwa maji ya chumvi yaliyozunguka. Hayo nayo si ya kupuuzwa, kwani hubeba naitrojeni ya mbolea na ya vyoo, mwani ukashiba. Ila mkondo wa chumvi usiuite mto wa chini kwa chini! Kila kipimo cha radoni kiambatane na cha chumvi.

Halafu upepo. Sioni safu yake kwenye jedwali. Radoni ni gesi, na upepo ukivuma usiku kucha huondoka nayo nyingi; asubuhi utadhani uvujaji umepungua kumbe umepeperushiwa hesabu. Kwenye hesabu yako, iliyokwenda hewani na iliyosombwa kwenda kina kirefu uirudishe, iliyotokana na radiamu ya majini uitoe.

Chupa za sampuli nazo: mrija ufike chini kabisa, maji yafurike polepole, ufunge pasibaki hata kiputo, maana radoni hukimbilia humo. Andika saa papo hapo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kisima kimoja ulichotumia kupima radoni ya maji ya ardhini. Ukitaka kujua ni maji kiasi gani, unagawanya radoni inayoingia baharini kwa radoni ya maji ya ardhini, na hiyo hutofautiana sana kati ya kisima na kisima. Ukikosea hapo, jibu lote limekwenda. Tafuta visima vingine, chimba na vishimo ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kisha uniletee safu zote, na ya upepo usiisahau.

Mama yako